Pango la Udongo la Kuzalishia Pleko wa Sharubu: Kipimo Kwanza, Sura Baadaye

Kwa sura, pango hili halimshawishi mtu kutoa pesa. Ni kibomba kifupi cha udongo wa mfinyanzi uliochomwa: tako bapa, mgongo uliojikunja, nyuma limezibwa na mbele li wazi. Ukilitazama kwa mbele unaona herufi D iliyolazwa kifudifudi. Ndani ya tangi lililopambwa kwa mimea na magogo linaonekana kama kigae kilichosahauliwa na fundi. Hata hivyo, katika vifaa vyote anavyouziwa mfugaji wa pleko wa sharubu, yaani kambare wadogo wa matangini wa jenasi Ancistrus, hakuna kinachoamua zaidi kama dume atalea mayai au atazeeka akikwangua kioo.

Tunalolipima hapa ni la ukubwa wa kati. Ndani lina urefu wa sm 15, upana wa sm 5 na kimo cha sm 4. Tumelilinganisha na wapinzani wake wa kawaida: kipande cha bomba la PVC, kifuu cha nazi, mwanzi, kibanda cha mawe bapa na yale magogo ya plastiki yenye rangi. Hukumu kwa ufupi ni kwamba linaifanya kazi yake kuliko yote, mradi ulichague kwa kumpima dume wako, si kwa kupima nafasi iliyobaki tangini. Wanunuzi wengi hukosea hapo hapo. Huchukua kubwa wakidhani wanamfadhili samaki, kisha hulalamika kwamba pango halina maana.

Kwa nini nafasi finyu ndiyo inayotakiwa

Ukiona jinsi samaki hawa wanavyotaga, hutauliza tena kwa nini pango linabana. Dume huchagua shimo, hulisafisha kwa mdomo kwa siku kadhaa, kisha hukaa humo kichwa kikiwa ndani na mkia ukichungulia nje. Jike aliye tayari huja akaingia. Dume humfuata nyuma na kuuziba mlango kwa mwili wake, akimshikilia humo kwa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha na mchana wake, mpaka atage. Mayai ni ya rangi ya chungwa, makubwa kwa samaki wa kimo hiki, kiasi cha milimita 3 kila moja, na hushikamana kama kishada cha zabibu. Jike akishamaliza huondoka zake. Dume hubaki peke yake akiyapepea kwa mkia na mapezi usiku na mchana, asile chochote cha maana, mpaka vifaranga waweze kujitegemea.

Sasa weka tukio hilo ndani ya pango pana. Jike anaweza kugeuka humo na kutoka kabla hajataga. Samaki mwingine anaweza kupita ubavuni mwa dume na kula mayai. Upepo wa mapezi hautiririki juu ya kishada bali hutawanyika pembeni, na yai lisilopata maji mapya hufa, huota ukungu, na kuambukiza jirani zake. Pango linalobana kupita kiasi nalo lina balaa lake: jike aliyejaa mayai ni mpana tumboni kuliko dume na huenda asipite mlangoni, na hata akipita, dume akija kupepea atayang'oa mayai kwa mkia na kuyasukuma nje.

Kanuni inayofanya kazi ni hii: dume akiyatandaza mapezi yake ya ubavuni, ncha zake ziguse au zikaribie kugusa kuta zote mbili. Urefu wa ndani uwe wa mwili wake mzima, mkia ukiwemo, pamoja na sm 2 au 3 za ziada. Kwa dume wa sm 8 hadi 9, tafuta pango lenye upana wa sm 4, kimo cha sm 3.5 na urefu wa sm 12. Dume wa sm 10 hadi 12, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa mkubwa, anakaa sawasawa kwenye hili tunalolipima. Ukiwa na jitu la sm 13 au zaidi, panda hadi upana wa sm 6 na urefu wa sm 17 au 18.

Kumpima hakuhitaji kumtoa majini. Bandika rula nje ya kioo na usubiri ajishikize hapo. Kwa subira ya jioni moja utapata jibu. Wavu usiutumie kabisa kama unaweza kuukwepa. Shavuni ana miiba inayokunjuka akihisi hatari, na ikishanasa kwenye nyuzi, dawa yake ni kuukata wavu, si kumvuta samaki. Mfukuzie ndani ya chombo cha plastiki chenye mdomo mpana.

Kuna mtego mmoja wa kibiashara hapa. Wauzaji wengi hutaja vipimo vya nje. Ukuta wa pango la udongo una unene wa milimita 5 hadi 8, kwa hiyo pango linalotangazwa kuwa na upana wa sm 5 huenda ndani likawa na sm 3.5 tu. Uliza vipimo vya ndani. Usipopewa, toa sm 1 hadi 1.5 kwenye upana na kwenye kimo, kisha amua.

Likifika mikononi

Kabla ya kulitia tangini, ligonge kwa kucha. Pango lililochomwa vizuri na lisilo na ufa hulia kama sahani. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ingiza kidole ndani na upapase dari na ukuta wa nyuma. Unataka mkwaruzo hafifu, kama kigae cha chungu cha kupandia maua. Kama ndani kumepakwa king'arisho kinachoteleza kama kikombe cha chai, litafaa kuwa maficho, lakini kama kitalu cha mayai limepoteza nusu ya thamani yake, maana kishada hakipati pa kung'ang'ania. King'arisho cha nje hakina neno, ila hakiongezi chochote isipokuwa bei.

Kisha lizamishe kwenye ndoo ya maji safi kwa saa 24. Maji yakigeuka tope, au ukuta ukiacha alama unapoukwaruza kwa ukucha, udongo haukuiva tanuruni na utaendelea kumomonyoka ndani ya tangi. Lirudishe. Kipimo cha pili ni tone la siki kwenye ukuta mkavu. Likitoa povu, udongo una chokaa, na chokaa hupandisha ugumu wa maji na pH, kipimo cha uchachu wa maji, polepole. Kwa pleko wa sharubu wa kawaida hilo si msiba, kwa kuwa huvumilia pH kati ya 6.5 na 7.5 na hata zaidi kidogo. Kwa ndugu yake wa maji laini na meusi, Ancistrus dolichopterus anayeuzwa kwa alama ya L183, ni sababu tosha ya kulikataa.

Midomo ya pango ikaguliwe kwa kidole. Dume huingia na kutoka mara nyingi kwa siku akiusugua mwili humo, na ukingo wenye makali humchuna mapezi na macho. Ukingo mbaya unasuguliwa kwa msasa mkavu kwa dakika chache. Baadhi ya mapango yana kitobo ukutani nyuma. Kikiwa cha milimita 3 au 4 hakidhuru, na husaidia maji machafu kutoka. Kikiwa cha ukubwa wa kidole, kizibe kwa silikoni ya matangi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, uiache ikauke siku 2 au 3. Dume hulipenda giza lililoziba nyuma yake, na mwanga unaopenya kutoka kule humfanya ahame.

Tako bapa ndilo jambo ambalo vibomba vya mviringo havina. Dume akimbana jike, au akipigania mlango na dume mwenzake, pango la mviringo hubingirika na mayai nayo. Hili halisogei hata kwenye tangi lisilo na mchanga. Uzito wake, unaokera wakati wa kulisafirisha, hapa ni faida.

Wapinzani wake

Bomba la PVC ndilo linalokaribia, na kwa mtu anayeanza na pesa kidogo tungelishauri bila aibu. Kata kipande chenye kipenyo cha ndani cha sm 4.5 hadi 5 na urefu wa sm 15, ziba upande mmoja kwa kifuniko chake, na ukwaruze ndani kwa msasa mkali mpaka mng'aro wote upotee. Kazi hiyo ya msasa ndiyo wanayoiruka wengi, halafu kishada huteleza na kutoka nje siku ya pili. Bomba halielei, lakini hubingirika, kwa hiyo ligandishe kwenye jiwe bapa kwa silikoni. Chagua la kijivu kilichokolea. Jeupe huakisi mwanga ndani na madume wengi hulikwepa hadi lishikwe na mwani.

Kibanda cha mawe bapa yaliyounganishwa kwa silikoni kinalingana na pango la udongo kwa matokeo. Ni kizito, kinakwaruza ndani, kina giza. Udhaifu wake ni pembe: mabaki hujikusanya kwenye mistari ya gundi ambako brashi haifiki, na kikikuponyoka mkononi, kioo cha chini cha tangi ndicho kitakacholipia.

Mwanzi una umbo zuri mno, na fundo lake la asili huziba nyuma bila gundi. Huoza tu. Baada ya miezi kadhaa ncha zake huwa na utelezi, huchanika, na dume hukwangua ute badala ya kulea. Mwanzi mbichi huoza haraka zaidi. Kifuu kilichokatwa nusu na kutobolewa mlango kina tatizo lile lile la upana. Dume hawezi kukiziba. Kitumie kama maficho ya vifaranga waliokua kidogo, baada ya kukwangua nyuzi zote na kukichemsha. Magogo ya plastiki yenye matobo mawili hayastahili kujadiliwa: yamepanuka, yanapitisha mwanga, na rangi yake hubanduka kwa meno ya samaki ambaye maisha yake yote ni kukwangua.

Kuliweka tangini

Pango bora mahali pabaya halitaguswa. Liweke kwenye kona yenye kivuli, chini ya gogo au nyuma ya mmea, mlango ukielekea mahali unapoweza kumulika kwa tochi bila kugusa kitu. Mkondo wa chujio upite mbele ya mlango, usiupige moja kwa moja. Maji yanayotulia kabisa hapo huwa na hewa haba, na yanayopiga kwa nguvu humchosha dume. Inua mlango kwa nusu sentimita kwa kuweka kijiwe chini yake, ili nyuma iwe chini kidogo. Yai likidondoka litabaki ndani.

Dume mmoja na majike wawili ni kikosi kinachotosha. Eneo la chini la tangi lisipungue sm 60 kwa 30, na lita 80 au zaidi zinakupa nafasi ya kukosea. Ukiwa na madume wawili, tafuta tangi la sm 90 au zaidi, weka mapango matatu au manne, na uyatenganishe kwa gogo ili wasionane wakiwa milangoni. Dume asiye na pango hupigania la mwenzake, na vita hivyo huishia kwa mayai kutupwa. Kwa wasiojua kuwatofautisha: dume aliyekomaa ana sharubu ndefu zenye matawi zinazopanda kutoka puani hadi kwenye paji la uso, jike ana fupi chache ukingoni mwa pua au hana kabisa. Wengi huwa tayari kuzaa kati ya miezi 8 na 12, wakiwa na sm 7 au 8.

Halijoto iwe nyuzi 24 hadi 26, amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zisomeke sifuri, na naitreti isivuke sehemu 20 hadi 30 kwa milioni. Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa ndilo linaloendana na pango hili. Halivuti vifaranga, na sifongo lenyewe huota utando ambao wadogo huula. Kama unatumia chujio la mota, vika mdomo wake sifongo kabla ya mayai kuonekana, si baada.

Dume anaweza kukaa wiki kadhaa akilizoea pango bila kitu kutokea. Usilihamishe. Kinachowachochea ni kitu kinachofanana na mwanzo wa mvua: walishe vizuri kwa wiki 2, mboga kila siku na chakula chenye protini kama viluwiluwi vya mbu waliogandishwa mara 2 au 3 kwa wiki, kisha badilisha asilimia 40 ya maji kwa maji yenye ubaridi wa nyuzi 3 chini ya yale ya tangini, yakiwa yameshaondolewa klorini. Rudia baada ya siku 2 au 3. Majike wakiwa na matumbo ya mviringo na dume akiwa hatoki pangoni, mara nyingi mayai huonekana ndani ya siku chache.

Pale mambo yanapoharibika

Lalamiko linalosikika kuliko yote ni kwamba dume ametupa mayai nje. Kabla ya kulilaumu pango, tazama rangi. Mayai meupe yaliyotoka moja moja ni usafi tu: hayakurutubishwa au yameshikwa na ukungu, na dume anayaondoa ili kuyaokoa mengine. Kishada kizima cha chungwa kilichotupwa ni habari nyingine. Dume mchanga hufanya hivyo kwenye uzazi wa kwanza na wa pili. Mpe nafasi tatu. Akiendelea, angalia upana wa pango kwanza, kisha hewa, kisha usumbufu. Tochi inayomulikwa kila saa, jike wa pili anayetaka kuingia, kambare wengine wanaozurura usiku: kila kimoja kinatosha.

Kishada kilichotupwa kikiwa bado na rangi yake kinaokoleka. Kiweke kwenye kisanduku cha kuning'iniza ubavuni mwa tangi, au kwenye kichupa cha kuatamia mayai kinachosukumwa na hewa, mkondo ukiyatikisa mayai taratibu bila kuyarusha. Tone la methilini bluu mpaka maji yawe buluu hafifu huzuia ukungu, lakini kwenye chombo kilichotengwa na maji ya tangi kuu pekee, maana dawa hiyo huvuruga bakteria wa chujio. Ondoa kila yai jeupe kwa koleo dogo, asubuhi na jioni. Kwa nyuzi 25 au 26, mayai huanguliwa ndani ya siku 4 hadi 7.

Vifaranga wapya ni vitumbo vya rangi ya chungwa vyenye mkia. Hawali. Kifuko cha kiini huwatosha kwa takribani wiki nzima, na chakula kinachowekwa kabla kifuko hakijaisha huoza tu. Ndani ya pango, dume huwazuia wasitoke kipindi hicho chote, na hapa pango lenye kina linalipa tena: kwenye lile fupi, vifaranga humwagika nje wangali na kiini na huliwa na kila mwenye mdomo.

Ukitaka kuwatenga, subiri kiini kibaki kidogo. Ziba mlango kwa kiganja chini ya maji, hamishia pango zima kwenye chombo chenye maji ya tangi hilo hilo, elekeza mlango chini na uinue nyuma ya pango juu ya usawa wa maji polepole. Maji yakishuka, vifaranga hushuka nayo. Dume hutoka wa mwisho, mara nyingi kwa ukaidi. Usilitikise, lishikilie hapo sekunde chache na atajiachia.

Kisanduku cha kuning'iniza kinachopokea maji ya tangi kuu kwa msukumo wa hewa ni rafiki mzuri wa pango hili, chenye ujazo wa lita 2 hivi kwa vifaranga 60 wa wiki za mwanzo. Vile vya wavu havifai. Matundu yake huziba kwa utando ndani ya siku chache na maji humo hufa huku ya nje yakiwa safi. Hata kwenye kisanduku kizuri, wiki ya pili hadi ya nne ndiyo inayoua. Vifaranga hawa hutaka chakula mbele yao muda wote, na chakula kinachokaa muda wote huchafua maji. Ukipendelea upande mmoja, unapoteza. Kifaranga mwenye tumbo lililoingia ndani amekufa kwa njaa. Mwenye tumbo lililovimba amekufa kwa maji machafu au chakula kilichooza.

Njia iliyo salama ni vipande vyembamba vya zukini au mchicha uliochovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 au 2, vikaondolewa kila baada ya saa 12 na kuwekwa vingine, pamoja na kijiti cha gogo la majini wanachokikwangua katikati ya milo. Chembe za vidonge vya mwani ziwe nyongeza tu. Soma maandishi kwenye pakiti: vidonge vingi vinavyoitwa vya mwani vimeanza na unga wa samaki na ngano, na mwani wenyewe umetajwa mwishoni. Vuta uchafu wa sakafu ya kisanduku kwa mpira mwembamba wa hewa kila siku na ubadilishe asilimia 20 hadi 30 ya maji ya tangi kuu kila baada ya siku 2. Wakifika sm 2.5 hatari kubwa imepita.

Usafi na uimara

Udongo haujui kuoza. Pango lisilodondoshwa litaishi kuliko samaki, na pleko wa sharubu anaweza kufikisha miaka 10 na zaidi. Lisafishe kwa brashi ya chupa na maji ya moto pekee. Sabuni usiiguse: ukuta huifyonza na kuitoa tangini baadaye, kidogo kidogo, huku ukitafuta chanzo cha vifo mahali pengine. Limetoka kwenye tangi lenye ugonjwa? Lianze kwenye sufuria ya maji baridi, lichemke polepole kwa dakika 20, na lipoe humo humo. Ukilitoa kwenye moto na kulitia maji baridi litapasuka. Kwa sababu hiyo hiyo ya kufyonza, pango lililowahi kukaa kwenye maji yenye dawa ya shaba lisirudi kamwe kwenye tangi la pleko. Samaki hawa huivumilia shaba vibaya.

Maandishi mengine kwenye pakiti za mapango haya yasikusumbue. Kwamba udongo "hutoa madini yenye afya" au "huvutia majike" ni maneno ya sokoni. Kama unatoa madini, hicho ndicho kile kipimo cha siki kilichokuonya, na jike huvutwa na dume na giza, si na aina ya udongo.

Nani anunue, nani aache

Mwenye dume aliyekomaa na nia ya kuzalisha anunue mawili: moja la kipimo chake hasa na jingine lenye upana wa nusu sentimita zaidi, kisha amwachie dume achague. Mara nyingi atakaa kwenye lile jembamba, na lile la pili litakuwa kimbilio la jike anayesumbuliwa. Mwenye samaki wa sm 5 asubiri. Atanunua pango dogo leo na kulibadilisha baada ya miezi sita. Mwenye dume wa umbo la kati na msasa nyumbani anaweza kuanza na PVC na asikose kitu kikubwa.

Na mwenye tangi moja tu la lita 80, lenye samaki wengine, afikiri kabla ya kuagiza. Uzazi mmoja huleta vifaranga kuanzia 20 hadi zaidi ya 100, na dume aliyezoea pango anaweza kurudia kila baada ya wiki 5 au 6. Kuwapumzisha ni kazi ya dakika moja: toa mapango yote mara vifaranga wa mwisho wakishatoka, umwachie dume gogo lenye uvungu mpana usiozibika. Atapata pa kujificha mchana, lakini hatapata mlango wa kuuziba, na majike wataachwa wajaze miili yao. Pango likauke kivulini mpaka utakapolihitaji tena.